Masafa ya Redio na Kuta za Uluguru

Apandaye njia za Uluguru huenda akamkuta mtu amesimama peke yake juu ya kigongo, simu mkononi, akitafuta mtandao. Pengine ni mkulima wa Mgeta atakaye kujua bei ya kabichi Dar es Salaam kabla lori halijafika. Pengine ana mgonjwa nyumbani, naye anaita gari. Mtu huyo akishuka Morogoro mjini jioni, ataona alama za mtandao zimejaa na simu bado inasuasua. Kule mawimbi hayafiki, huku yamesongamana. Aghalabu mambo haya husemwa kana kwamba ni maradhi mawili. Kwa maoni yangu chanzo chake ni kimoja: namna tunavyoyagawa na kuyatumia masafa.

Masafa ya redio ni mali ya taifa, lakini ni mali ya aina ya pekee. Kuni zikichomwa zimekwisha. Masafa yakitumiwa leo, kesho yapo vile vile. Wala hayawekwi akiba: saa ambayo yamelala bila kazi imepotea. Kikwazo ni kwamba mitambo miwili iliyo karibu, ikitumia masafa yale yale, huvurugana. Ndiyo maana hapana budi yagawanywe kwa sheria, na tangu 2003 kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sayansi imekwisha kutufundisha kubana matumizi. Wakulima wanaogawana maji ya mfereji kwa zamu wataelewa upesi jinsi simu za kizazi cha pili zinavyoweka wasemaji 8 katika mkondo mmoja wa kilohezi 200, kila mmoja akipata kipande chake cha sekunde. Televisheni nayo, iliyokuwa ikichukua megahezi 8 kwa programu moja, ilianza kuhamia mitambo ya dijitali, na mitambo ya zamani ikaanza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 2012. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yaliyoyapa simu masafa ya megahezi 700.

Masafa hayo yanafaa sana milimani. Mwanafunzi na agawanye 300 kwa 700: atapata urefu wa wimbi wa sentimita 43 hivi. Kwa megahezi 3500 hazifiki sentimita 9. Wimbi refu hupinda kwenye kingo za vilima na kupenya majani vizuri zaidi.

Lakini mnara usimame wapi? Wengi watasema kileleni, kama ilivyo mitambo ya Bondwa juu ya mji. Kwa utangazaji ni sawa, maana wasikilizaji wote hupewa kitu kimoja. Kwa simu kila mtu ana maneno yake, na mnara unaosikika hadi tambarare za mbali huzuia masafa yake yasitumiwe tena eneo lote hilo. Wahandisi wa Bell huko Marekani waliliona jambo hili mwaka 1947, wakapendekeza nchi igawanywe vipande vidogo ili masafa yarudiwe. Sisi tumejaliwa ukuta uliokwisha jengwa. Mnara mfupi ndani ya bonde la Mgeta, magharibi, hausikiki Matombo, mashariki. Masafa yale yale yaweza kuhudumia pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kampuni zitajibu kwamba minara midogo mingi ni gharama kubwa kwa wateja wachache. Ni kweli. Hata hivyo mnara mmoja waweza kubeba mitambo ya kampuni kadhaa, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya sehemu kama hizi. Nisilolikubali ni kampuni kushika masafa kwa nchi nzima, iyatumie mjini na kuyanyamazisha bondeni. Bonde likipita muda uliowekwa bila huduma, masafa yake hapo yafunguliwe kwa mwingine aliye tayari, hata awe mdogo.

Walimu wa fizikia wa Morogoro wanaweza kuanza bila kumngoja mtu. Simu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Wanafunzi na waandike kipimo kila baada ya mita 100 wanapovuka kigongo, kwa kila kampuni, kisha wakitie kwenye ramani.