Mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji si « damu mbaya »

Katika vijiji na kartie nyingi za Kivu ya Kusini, mtoto ambaye mama yake alibakwa wakati wa vita akipiga mwenzake shuleni, wakubwa wana jibu tayari: « Ni damu ya baba yake. » Mtoto mwingine akipiga vilevile, wanasema tu ni mtundu. Na siku hizi kuna wanaoongeza sayansi juu yake: je, wataalamu wenyewe hawasemi kwamba tabia inarithiwa?

Wanasema, na haifai kuficha. Mwaka wa 2015 watafiti walikusanya pamoja uchunguzi wa miaka 50 juu ya mapacha, zaidi ya jozi milioni 14. Waliona kwamba kwa wastani karibu nusu ya tofauti kati ya watu, kuanzia mwili hadi tabia, inatokana na urithi. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza watoto wa miezi minne: wakionyeshwa kitu kipya, wengine walilia na kurusha mikono, wengine walitulia. Mama aliyezaa watatu anajua hayo bila kufika Harvard.

Lakini kinachorithiwa ni nini? Ni wepesi wa kushtuka, wa kuogopa, wa kukasirika, hamu ya kuwa na wenzake. Ubakaji haumo. Hakuna jeni ya kushika silaha na kuvunja nyumba za watu usiku. Mambo hayo yana makamanda, yana amri, yana pesa. Tena ile nusu inapima tofauti katika kundi kubwa la watu, haigawi mtoto mmoja vipande viwili. Hata wale watoto waoga wa Kagan, wengi hawakubaki waoga sana walipokua. Na wanaohesabu damu, mbona wanasahau kwamba nusu ya jeni za mtoto huyo ni za mama yake?

Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha Bukavu mwaka wa 1999, imetunza makumi ya maelfu ya wamama waliobakwa. Watoto waliozaliwa hivyo katika vita vya kwanza leo ni watu wazima. Mtoto anayeitwa adui tangu anapoanza kutembea, anayepewa chakula wa mwisho, asiyeandikishwa kwa serikali, atakuwa na hasira. Kisha hasira hiyo inaonyeshwa kama ushahidi wa damu!

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema watoto wote ni sawa, na kila kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Lakini mama anayejua kwamba karani atamuuliza jina la baba mbele ya watu waliopanga mstari, hatakwenda. Mashefu wa kartie na wakuu wa shule waanzie hapo: karani amsikilize mama huyo pembeni, na mwalimu amwadhibu mtoto kwa kosa alilolifanya yeye mwenyewe, kama anavyowaadhibu wengine.