Kijana Apimwe kwa Hesabu, Si kwa Umri

Toleo hili tumelitenga kwa vijana waliojitosa kwenye siasa, na msimamo wetu tunautaja mapema: ujana peke yake si sifa ya uongozi. Sifa ni kuulizwa fedha za wananchi zimekwenda wapi, ukawa na jibu.

Tazama safari ya Zitto Kabwe. Mwaka 2005 aliingia bungeni akiwa na miaka 29, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema. Mwaka 2007 Bunge lilimsimamisha kufuatia hoja yake ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe. Mwaka haujaisha, Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Bomani iliyopitia upya sekta ya madini. Mwaka 2014, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, aliwasilisha bungeni taarifa ya sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, na vigogo kadhaa wakapoteza nyadhifa. Jina lake lilijengwa kwa kuuliza.

Mwaka 2015 zamu iligeuka. Alishinda Kigoma Mjini kupitia ACT-Wazalendo, na chama hicho kikashika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Waliozoea kuuliza sasa wakawa wa kuulizwa. Kisheria mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kwenye baraza hakuna pa kujificha. Kabrasha likifunguliwa, kuna makusanyo ya ushuru wa soko yasiyofikia lengo, kuna hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinazodai majibu, kuna boma la zahanati ambalo wananchi walilisimamisha kwa nguvu zao na sasa linasubiri bati. Hotuba haiezeki zahanati.

Umpende Zitto au usimpende, hapo ndipo kijana anapokomaa. Ndiyo maana tunasikitika kuona vijana wengi wakiudharau udiwani na kukimbilia ubunge, ilhali nafasi zote mbili ziko wazi kwa mwenye miaka 21. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hutoka halmashauri, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, vikundi vya vijana navyo viliachwa njia panda. Anayetaka kuwatetea wenzake aanzie pale fedha hizo zinapogawiwa.

Vyama navyo viache kuwafanya vijana kuwa watu wa hamasa tu, wa kuimba na kujaza malori wakati wa kampeni. Wapewe kata, wapewe kamati ya fedha, wahesabiwe makosa na mafanikio yao.

Nawe msomaji, mgombea kijana akija kuomba kura yako, mwombe akueleze bajeti ya halmashauri yenu: kiasi gani kilikusanywa, kiasi gani kilitumika, na kwa kazi gani. Asiyejua, mwambie akajifunze kwanza.