MAMBO YA NYUMBANI: Blanketi la viraka, kazi ya kwanza ya mfumaji

Ifikapo miezi ya Juni na Julai, baridi huwa kali katika nyanda za juu za Maziwa Makuu. Mji wa Kabale, nchini Uganda, uko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku kipimajoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Hali haitofautiani sana katika milima ya Mugamba nchini Burundi. Katika nyumba za sehemu hizo blanketi si pambo la kitanda. Ni kinga ya afya, na aghalabu huwa ni moja tu ilhali wanaolihitaji ni watatu.

Akina mama na wasichana wengi wanaojifunza kufuma huanza na sweta, na uchaguzi huo ndio unaowavunja moyo. Sweta lina shingo, makwapa na mikono miwili inayopaswa kulingana. Kosa la vipimo hugunduliwa siku ya kulivaa, wakati uzi umekwisha na fedha zimekwisha. Kazi hutupwa chini ya kitanda, na sindano hazishikwi tena.

Blanketi la viraka humwepusha mwanafunzi na hasara hiyo. Hufumwa kwa vipande vidogo vya mraba, kimoja baada ya kingine, kisha vipande vyote huunganishwa. Kosa la kipande kimoja hubaki katika kipande hicho, nacho chaweza kufumuliwa leo na kufumwa upya kesho bila vingine kuguswa. Uzi nao hununuliwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Sharti lake ni moja: kila kipande kilingane na mwenzake. Kwa hiyo anayeanza hana budi kujifunza kuhesabu na kupima kabla ya kujifunza mapambo.

VIFAA

Kwa blanketi la mtoto lenye upana wa sentimita 75 na urefu wa sentimita 90 huhitajika:

– Uzi wa sweta wa unene wa kati, baina ya gramu 400 na 500. Donge la gramu 50 hutoa vipande 3 au 4.
– Sindano 2 za kufumia zenye unene wa milimita 4.
– Sindano 1 butu ya kushonea, yenye tundu kubwa.
– Futi ya kupimia, mkasi, na kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa mraba wa sentimita 15 kwa 15.

Wasichana wengi wa vijijini hufumia spoki za baiskeli. Spoki ni nyembamba, yapata milimita 2, nazo hutoa kitambaa kilichobana mno kwa kazi hii. Asiyeweza kununua sindano achonge vijiti viwili vya mwanzi mkavu, avisugue kwa msasa hadi viwe laini, kisha avipake mafuta kidogo na kuvifuta. Yafaa vijiti hivyo viwe na unene mmoja tangu ncha hadi mwisho.

UZI WA SWETA KUUKUU

Uzi si lazima uwe mpya. Sweta kuukuu la mtumba au la shule laweza kutoa uzi wa vipande vingi. Kabla ya kulinunua, mama aligeuze na kutazama mishono ya ubavuni. Vipande vya sweta vikiwa vimefumwa kila kimoja peke yake na kuunganishwa kwa uzi, sweta hilo litafumuka vizuri. Kingo zikiwa zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, uzi utatoka ukiwa umekatika vipande vifupi visivyofaa.

Mishono ikishafumuliwa, kila kipande hufumuliwa kuanzia mahali kilipomalizikia, yaani kwa kawaida juu, penye bega. Uzi huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa mahali 4 usije ukatatizana, kisha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Huanikwa kivulini ukiwa umening'inizwa kitu chenye uzito mdogo ili mikunjo inyooke. Ukikauka, huviringwa donge bila kuvutwa.

Ni vyema kujua uzi ni wa aina gani. Kipande kidogo kichomwe kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika. Uzi wa kiwandani wa akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Aina hizo mbili zisichanganywe katika blanketi moja, kwa sababu sufu hujikunja na kubana ikioshwa kwa maji ya moto, na akriliki haifanyi hivyo.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Hakuna watu wawili wanaofuma kwa mkazo mmoja. Kwa hiyo hesabu ya vitanzi iliyomfaa jirani haitamfaa kila mtu. Mfumaji aanze na vitanzi 20, afume mistari 40, kisha alaze kitambaa juu ya meza na kupima upana wake. Ukiwa sentimita 10, basi kila sentimita ina vitanzi 2, na kipande cha sentimita 15 kitahitaji vitanzi 30. Ukiwa sentimita 9, kitahitaji vitanzi 33. Ukiwa sentimita 11, vitanzi 27 vitatosha. Hesabu hiyo iandikwe, nayo isibadilishwe hadi blanketi liishe.

JINSI YA KUFUMA

Tuchukulie kuwa hesabu ni vitanzi 30. Kwanza hufungwa fundo la kuteleza kwenye sindano ya kushoto. Ncha ya sindano ya kulia huingizwa ndani ya kitanzi hicho kutoka mbele kwenda nyuma, uzi huzungushwa juu ya ncha, nao huvutwa mbele kupitia ndani ya kitanzi. Kitanzi kipya hupandishwa kwenye sindano ya kushoto. Tendo hilo hurudiwa mpaka vitanzi vitimie 30.

Mstari wa kwanza hufumwa kwa tendo lile lile, isipokuwa kitanzi kipya hubaki kwenye sindano ya kulia, na kile cha zamani huachwa kiteleze kutoka kwenye sindano ya kushoto. Vitanzi vyote vikishahamia kulia, sindano hubadilishana mikono na mstari wa pili huanza. Hakuna mtindo mwingine wa kujifunza.

Kila mistari 2 huonekana upande mmoja wa kitambaa kama tuta 1. Hapo ndipo wepesi wa kazi hii ulipo: idadi ya matuta ikilingana na idadi ya vitanzi, kipande huwa mraba. Vitanzi 30 huhitaji matuta 30, yaani mistari 60.

Kufunga kipande, vitanzi 2 hufumwa, kisha cha kwanza huinuliwa na kupitishwa juu ya cha pili na kuachwa. Hufumwa kingine 1, na tendo hurudiwa hadi kisalie 1. Uzi hukatwa kwa kuacha sentimita 20 za kushonea, nao huvutwa kupitia kitanzi cha mwisho. Mkono ulegezwe wakati wa kufunga, la sivyo ukingo wa juu utakuwa mfupi kuliko wa chini.

Mwishowe kipande hukunjwa kona kwa kona. Kingo zikikutana, ni mraba. Kisha hulazwa juu ya karatasi ngumu. Kikipungua au kuzidi kwa nusu sentimita, hakuna neno. Kikizidi hapo, kifumuliwe.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni kipande kupanuka kadiri kinavyoendelea. Mara nyingi sababu yake ni uzi kuvutwa juu ya sindano mwanzoni mwa mstari, na hivyo kitanzi cha kwanza kuonekana kana kwamba ni viwili. Uzi ushushwe chini, upite nyuma ya sindano.

Kosa la pili ni kudondosha kitanzi. Kikionekana mapema, kishikwe kwa pini kisizidi kufumuka, na mistari ifumuliwe hadi hapo. Dawa ya makosa yote mawili ni kuhesabu vitanzi kila baada ya mistari 2. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, nayo huokoa jioni nzima.

KUUNGANISHA

Vipande 30 vikitimia, vipangwe mkekani 5 kwa upana na 6 kwa urefu, na rangi zipatanishwe kabla ya sindano kushikwa. Inapendeza matuta ya kipande kimoja yalale, na ya jirani yake yasimame. Mpangilio huo hupamba na kuficha tofauti ndogo za vipimo. Vipande hushonwa kwanza kuwa mikanda 6, kisha mikanda huunganishwa. Mshono usibanwe sana, maana blanketi likivutwa uzi utakatika.

Ncha zote za uzi zipenyezwe ndani ya kitambaa kwa sindano, urefu wa sentimita 5 au zaidi, ndipo zikatwe. Uzi uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga na kuzuia damu. Vilevile wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asilazwe akiwa na blanketi lililolegea karibu naye, kwa kuwa laweza kumfunika pua na mdomo. Kwa mtoto huyo blanketi ni la kumfunika akiwa amepakatwa au amebebwa mgongoni.

KAZI YA KIKUNDI

Kwa kuwa kila kipande kina kipimo chake, kazi yaweza kugawanywa. Wanawake 10 wakifuma vipande 3 kila mmoja, blanketi hupatikana katika majuma mawili. Karatasi ya kipimo iwe moja, ipitishwe kwa kila mwanachama, na kila mmoja afanye kipande chake cha majaribio. Huko Afrika Kusini, kampeni iliyoanza Desemba 2013 kwa heshima ya Nelson Mandela iliwakusanya wafumaji wengi kutengeneza mablanketi kwa ajili ya wahitaji. Ilipewa jina la mablanketi 67, kwa kukumbuka miaka 67 ya utumishi wake kwa umma.

MUDA NA UTUNZAJI

Anayeanza peke yake huhitaji jioni mbili au tatu kwa kipande. Akimaliza 2 kwa juma, vipande 30 hupatikana katika majuma 15. Basi atakayeanza mapema Machi atakuwa na blanketi kabla ya baridi ya Julai kukolea. Naye akitaka baadaye kulifanya la mtu mzima, aongeze vipande hadi vifike 96, yaani 8 kwa 12, na upana utakuwa sentimita 120 na urefu sentimita 180.

Blanketi lifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, likamuliwe kwa kubonyezwa bila kusokotwa, na kuanikwa likiwa limelazwa juu ya mkeka, maana likitundikwa kambani uzito wa maji hulirefusha. La akriliki lisipigwe pasi ya moto. Kiraka kikichakaa, hufunguliwa mshono wake peke yake na kingine kufumwa mahali pake, na blanketi likaendelea kutumika. Haba na haba hujaza kibaba.