Kuokota Si Kumiliki

Miongoni mwa maneno yanayotembea midomoni mwa watu wetu bila ya kuulizwa yatokako, ni yale ya kwamba kuokota si kuiba. Husemwa sokoni, husemwa ndani ya basi, husemwa hata na watu wenye mvi mbele ya watoto wao. Na aghalabu husemwa kwa kicheko, kama jambo ambalo mwenye akili hahitaji kulifikiri. Mtu akisikika ameokota kitita cha fedha, wenziwe humpongeza kana kwamba amevuna. Akisikika ameokota na kumrudishia mwenyewe, humhurumia kana kwamba ameugua. Makala haya yanakusudia kuyapinga maneno hayo, na kuwapinga wale wanaoyatukuza kuwa ni sehemu ya hekima ya wazee wetu. Si hekima ya wazee. Ni kasumba, tena kasumba changa.

Nakubali kwamba maneno yenyewe yana ukweli mdogo ndani yake. Aokotaye hakuvunja mlango wala hakumtilia mtu mkono mfukoni. Wakati anapoinama, mkono wake u safi. Lakini msemaji hakusudii hilo. Akusudialo ni kwamba kule kuinama kumehamisha mali: iliyokuwa ya fulani asubuhi sasa ni yangu, kwa kuwa jicho langu lilitangulia macho ya wengine. Hapo ndipo pa kumshika.

Na tuanze na lugha, maana lugha ni shahidi asiyehongeka. Kitenzi "okota" ni cha kazi ya mkono. Twaokota kuni; twaokota maembe yaliyoangushwa na upepo; wanawake wa pwani huokota makome bahari ikipwa. Vitu hivyo havikupotezwa na mtu. Neno lenyewe halisemi lolote juu ya umiliki, na kila linapotoka nje ya shughuli hizo hugeuka kuwa la dharau: maneno ya kuokoteza ni maneno yasiyo na msingi, na hoja ya kuokoteza haisimami barazani. Fahari lugha imeiweka katika neno jingine, nalo ni "chuma". Mtu huchuma mali kwa jasho, na alichokipata huitwa chumo lake. Sasa vijana wa mijini wamezua neno "maokoto" kwa maana ya fedha, hata fedha ya mshahara! Wengine huliona ni mzaha tu wa vijana. Mimi naliona ni ungamo. Jamii ikianza kuuita ujira wa kazi maokoto, imekwisha kusadiki kwamba fedha huanguka, wala haitoki mikononi mwa mtu yeyote. Mtunzi wa mashairi anayetafuta kina cha "ta" aweza kuyatia "pata" na "okota" katika ubeti mmoja na mizani ikatimia. Lakini mizani ya haki haiyapimi sawa.

Yafaa pia tukiri kwamba fedha taslimu ina tabia yake. Ng'ombe wa mfugaji ana chapa ubavuni au mkato wa sikio. Jembe hujulikana kwa mpini wake, na mtumbwi kwa mkono wa fundi aliyeuchonga. Ndiyo maana mali ya namna hiyo ilipopotea katika vijiji vyetu haikuwa rahisi kuificha: ilikuwa na uso. Noti haina uso wa mwenyewe. Ile ya shilingi 1,000 ina sura ya Mwalimu Nyerere, wala haina sura ya mama aliyeiangusha. Basi mtu huitazama akasema, "Haina mwenyewe." Huu ni uvivu wa fikira. Kisichokuwapo ni alama. Mwenyewe yupo, na huenda saa hii anarudi nyuma hatua kwa hatua akitazama chini, ameshika kichwa.

Tuchukue mfano. Umeokota mfuko kando ya stendi ya mabasi, ndani mna shilingi 4,000,000. Katika nchi hii ni nani atembeaye na fedha nyingi hivyo mkononi? Tajiri mkubwa hapiti stendi na mfuko. Fedha zake zimo benki. Atembeaye nazo ni mkulima aliyeuza mazao ya msimu mzima, au mzazi anayekwenda kulipa ada, au ndugu waliochangishana kwa ajili ya mgonjwa atakayepasuliwa kesho, au mweka hazina wa kikundi cha akina mama ambaye wenzake hawatamsadiki atakaposema zimepotea. Huyo wa mwisho humfikiria zaidi kuliko wote. Wengine watapoteza fedha. Yeye atapoteza fedha na jina, na wewe uliyeinama ndiye utakayekuwa umemwita mwizi bila ya kumjua.

Sheria ya nchi nayo haikulala. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachoeleza maana ya wizi, kimemfikiria mwokotaji. Anayekigeuza kitu kilichopotea kuwa chake hahesabiwi kuwa mdanganyifu ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe, na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Mwalimu awasomeshaye vijana na ayasimamie maneno hayo ya mwisho. Sababu za maana! Mtu ambaye hakuuliza, hakutangaza, ambaye alitia mfuko chini ya kitanda na kunyamaza, anazo sababu gani? Basi hata mbele ya sheria ule msemo wetu hausimami kwa mguu mmoja: kuokota si kuiba, ila kunyamaza baada ya kuokota kwaweza kuwa wizi.

Kuna kimbilio la watu wacha Mungu, ambao husema, "Mola kanipa." Hao wana vitabu vyao, na vitabu haviwaungi mkono. Katika sheria ya Kiislamu, iliyoilea miji yetu ya pwani kwa karne nyingi, mali iliyookotwa huitwa lukata, na mafundisho ya Mtume juu yake ni ya kiutendaji mno: utambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha utangaze kwa mwaka mzima. Kwa nini mfuko na kamba? Kwa sababu wako watu kumi watakaokuja kudai, na ni mmoja tu atakayejua kamba ilikuwa ya rangi gani. Hii ni busara ambayo askari wa upelelezi angeionea fahari. Atangazaye leo na afuate vivyo hivyo: aseme ameokota mfuko, mahali fulani, siku fulani; asitaje kiasi, asitaje noti ni za aina gani, wala kwamba zimefungwa kwa mpira au kwa kitambaa. Hayo na ayaseme mwenyewe. Na kwa Wakristo, Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inaagiza kwamba mnyama wa ndugu yako aliyepotea arudishwe, na kama mwenyewe yu mbali au humjui, akae kwako hata atakapokuja kumtafuta. Vivyo hivyo kwa vazi na kwa kila kitu alichopoteza. Kitabu cha Kutoka chaenda mbali zaidi, kinamtaja hata ng'ombe wa adui yako. Sijui huyo anayesema Mola kampa amezungumza na Mola yupi.

Wengine husema mwenye fedha huenda ni fisadi. Huenda. Basi fedha yake ndiyo hasa inayotakiwa ifike mbele ya vyombo vya dola. Haigeuki halali kwa kupita mfukoni mwako.

Lakini kuna hoja moja isiyofaa kupuuzwa, nayo husemwa na watu waaminifu kabisa: "Nikiipeleka ofisini, watagawana." Mimi ni mtumishi wa umma, na sitajifanya kwamba hoja hii imezuliwa na maadui wa serikali. Imezaliwa na mambo ambayo wananchi wameyaona kwa macho yao. Mwananchi aliyezungushwa kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa, atasadikije kwamba milioni nne zitalala salama katika kabati la ofisi ile ile? TANU iliwaapisha wanachama wake kwamba cheo ni dhamana. Kila mahali ambapo afisa alikigeuza cheo kuwa shamba lake, alimfundisha mwokotaji somo. Kwa hiyo lawama tuigawe kwa haki. Hata hivyo, udhaifu wa karani haunipi mimi hati ya kumiliki mali ya mtu wa tatu. Kama simwamini mlinzi wa ghala, natafuta mashahidi. Silibebi ghala kwenda nalo nyumbani.

Na mashahidi ndilo jambo lenyewe. Fedha iliyookotwa isihesabiwe na mtu mmoja, wala isihesabiwe usiku. Aliyeokota na awaite watu wawili au watatu wenye heshima zao, mwenyekiti wa mtaa awe mmojawapo. Wahesabu pamoja, waandike kiasi, watie sahihi, kisha waende wote kituoni. Huko wadai taarifa iandikwe katika kitabu mbele yao na wapewe karatasi yenye namba ya taarifa hiyo, kiasi, tarehe na jina la askari aliyepokea. Asiye na karatasi asiondoke. Askari mwema hatachukia, maana karatasi hiyo yamlinda yeye pia; na askari asiye mwema atajua kwamba macho ya watu yapo. Wazee wetu walipiga mbiu ya mgambo kwa sababu walijua kwamba jambo linalosikiwa na wote haliibiki kwa urahisi. Siri ndiyo mshirika mkubwa wa mwokotaji, na ndiyo ya kuvunjwa kwanza.

Wala si kweli kwamba kila apokeaye atakula. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwamo. Pochi zaidi ya 17,000 zilikabidhiwa kwa watu wa mapokezi katika mabenki, mahoteli, posta, vituo vya polisi na ofisi nyingine, kama kwamba zimeokotwa nje. Watafiti wakangoja waone nani atamtafuta mwenyewe. Tofauti baina ya nchi zilikuwa kubwa, lakini katika nchi 38 kati ya hizo 40 pochi zenye fedha ndizo zilizotafutiwa wenyewe zaidi kuliko zile tupu: asilimia 51 kwa 40. Walipoongeza fedha katika baadhi ya nchi, waliorudisha wakazidi tena. Wale wasemao kwamba fedha nyingi humshinda kila binadamu wayatazame matokeo hayo.

Katika Afrika yetu, mwaka huo wa 2021 ambao wengi wanaukumbuka kwa maradhi, kijana mmoja wa Liberia, mwendesha pikipiki ya abiria aliyekuwa ameacha shule, aliokota barabarani dola 50,000 za Marekani. Akampa shangazi yake azitunze. Mwenye fedha alipotangaza redioni, kijana akazirudisha. Rais George Weah akamzawadia dola 10,000, na njia ya kurudi shuleni ikafunguka. Sote tulishangilia, na ilistahili. Lakini kabla ya zawadi kulikuwa na jambo jingine ambalo magazeti yalilipitia haraka: watu walimcheka, wakamwambia atakufa maskini. Mimi nataka tulitazame lile lililotangulia zawadi, kwa kuwa Rais hawezi kuwapo kila mahali pfuko unapoanguka, na wanaocheka wapo kila mtaa. Na zawadi nayo ina hatari yake. Tukiifanya kuwa sababu, tutakuwa tumemgeuza mwokotaji kuwa mfanyabiashara, apimaye kati ya alichookota na atakachopewa. Na siku zawadi isipotoka atajiona amepata hasara.

Hapa nawageukia walimu. Katika shule zetu insha ya kuokota fedha ni ya kale: "Ungeokota shilingi milioni kumi ungefanya nini?" Nimepata kusoma insha nyingi za namna hiyo. Kijana anajenga nyumba, ananunua gari, anampeleka mama yake hospitali kubwa, anafungua duka. Mwenye huruma anawajengea yatima. Katika kurasa zote mbili mwenye fedha haonekani hata kwa kivuli. Mwalimu anasahihisha ngeli na alama za uandishi, anatoa 16 kwa 20, anaandika "Vizuri." Hapana, si vizuri. Mtoto ametumia milioni kumi za mtu na mwalimu amesahihisha koma! Na iandikwe insha nyingine: wewe ndiye uliyepoteza, umeshuka basini, umejipapasa, mfuko haupo, andika ulivyorudi nyumbani na ulivyowaambia waliokutuma. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiiandika hiyo kwa moyo, mwalimu hatakuwa na haja ya kuhubiri.

Wala asitokee mtu akasema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa fedha taslimu zinapungua. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008, na pamoja nayo ukaja uokotaji mpya. Mtu anakosea tarakimu moja, ada ya mtoto wake inaingia katika simu ya mgeni. Hapa hakuna kuinama, hakuna mfuko wala kamba, na ile hoja ya kwamba noti haina uso imekufa kabisa: ujumbe wenyewe unaletwa ukiwa na jina la aliyetuma. Na bado yuko anayelisoma jina hilo, akakimbilia kwa wakala kabla simu haijalia, akatoa zote, akaizima. Kisha akakaa kibarazani na kuwaambia wenziwe kwamba leo ameokota.