Majibizano ni Kusikilizana

Katika masomo mengi ya majibizano tunayoyaona wakati wa mazoezi ya kufundisha, watoto wawili husimama mbele ya darasa wakatoa maneno waliyoyakariri, kila mmoja akingoja zamu yake tu. Kwa maoni yetu, huko si kujibizana. Mfano mzuri wa hasara yake umo katika sinema ya kutisha ya Marekani iitwayo Cat People, iliyoongozwa na Jacques Tourneur mwaka 1942.

Irena, Mserbia anayechora mitindo ya mavazi mjini New York, anaamini kuwa yeye ni wa kizazi cha wanawake wanaogeuka chui wapatwapo na mahaba au wivu. Hamfichi Oliver, mchumba wake, hofu hiyo. Naye Oliver humjibu kuwa hizo ni ngano za utotoni. Usiku wa karamu ya arusi, mwanamke asiyemjua anamwendea na kumwita "dada yangu" kwa Kiserbia. Ni maneno mawili tu, tena hayasemwi kwa ukali, lakini Irena anafanya ishara ya msalaba kwa hofu. Baadaye tabibu wa maradhi ya akili naye hamsadiki. Mwisho Irena, akiwa amejeruhiwa, anafungua tundu la chui katika bustani ya wanyama na kufa hapo. Ndipo Oliver anapokiri kwamba Irena hakuwadanganya kamwe.

Irena hakukosa maneno. Alisema mapema, tena waziwazi. Alichokosa ni mtu wa kuyajibu aliyoyasema.

Sinema hii haifai kuonyeshwa watoto wa shule za msingi, bali funzo lake lafaa sana kuingizwa katika andalio la somo. Mwanafunzi mmoja apewe sentensi ya kuanzia, mathalani: "Naogopa kupita njia ya mtoni." Mwenzake asipewe jibu la kukariri, alitafute mwenyewe. Kisha darasa lipime: je, jibu limeigusa hofu hiyo au limeikwepa? "Acha woga" limeikwepa. "Umeona nini huko?" limeigusa.

Wako watakaosema kwamba njia hii hula muda. Ni kweli. Lakini ipo siku mtoto atamwambia mwalimu kwamba anaogopa kurudi nyumbani, na siku hiyo hapatakuwa na andalio la somo. Mwalimu aliyezoea kungoja zamu yake ya kusema atamjibu kama Oliver.