Nyuzi 35 Zinatuambia Nini?

Katika hospitali zetu nyingi, anayelalamikia bega hupigwa eksirei, na mara nyingi vipimo huishia hapo kwa sababu MRI iko mbali na gharama yake ni kubwa. Ndiyo maana kipimo kilichotolewa Zürich mwaka 2013 na Beat Moor, Christian Gerber na wenzao kinavutia: kinahitaji picha hiyo hiyo tu. Kutoka ukingo wa chini wa kikombe cha bega huchorwa mstari hadi ukingo wake wa juu. Mwingine huchorwa kutoka pale pale chini hadi ncha ya nje ya akromioni, ule mfupa uliofunika kiungo kama paa. Kinachosomwa ni pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili.

Wastani ulikuwa nyuzi 38 kwa waliochanika kano za bega, 33 kwa wenye mabega mazima, na 28 kwa wenye uchakavu wa gegedu. Sababu inayotolewa inaeleweka: akromioni ikitokeza sana nje, msuli wa deltoidi huvuta mkono kwenda juu zaidi, na kano ya supraspinatasi hubeba kazi kubwa zaidi ya kuzuia kichwa cha mfupa wa mkono kisipande. Tangu hapo nyuzi 35 zimekuwa mpaka unaotajwa kila mahali.

Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba mpaka huo unabebeshwa mzigo usiouweza. Utafiti ule ulilinganisha watu ambao kano zao zilishachanika na wasio na tatizo. Haukuwafuata wenye pembe kubwa ili kuona wangapi wangechanika. Tena tofauti ya makundi hayo mawili ni nyuzi tano tu, ilhali mgonjwa akisimama amegeuka kidogo, pembe inaweza kupotoka kwa nyuzi mbili na zaidi. Dalili ya kugeuka huko inaonekana pichani: kingo za mbele na nyuma za kikombe zisipolaliana, picha irudiwe, la sivyo pembe isiandikwe.

Umri nao hauna budi kutajwa, kwa kuwa michaniko huongezeka nao. Mwaka 1999, Tempelhof na wenzake nchini Ujerumani waliwapima kwa ultrasaundi watu 411 wasiolalamikia bega lolote. Waliochanika kano walikuwa asilimia 13 kwa wenye miaka 50 hadi 59, na asilimia 51 kwa waliozidi 80.

Tusichanganye pia kipimo hiki na nafasi iliyo kati ya akromioni na kichwa cha mfupa wa mkono. Nafasi hiyo ikipungua chini ya milimita 7, kwa kawaida ni alama ya mchaniko mkubwa uliokwisha kutokea.

Umbo la mfupa limewahi kutuponza. Baada ya daktari wa upasuaji Neer kueleza uchongaji wa akromioni mwaka 1972, na Bigliani kutaja aina tatu za umbo lake mwaka 1986, akromioni nyingi zilichongwa. Mwaka 2018 jaribio la CSAW la Uingereza, lililohusu maumivu ya bega, halikuona kwamba kuchonga kunamfaa mgonjwa kuliko upasuaji wa kuingiza kamera tu.

Kwa hiyo tunawaomba wanaoandika ripoti waweke pembe pamoja na ubora wa picha na umri wa mgonjwa. Na mwenye miaka 60 aliyeshindwa ghafla kuinua mkono baada ya kuanguka apimwe ultrasaundi, hata kama pembe yake ni nyuzi 31.