Fahali Kijana na Ushahidi wa Binti Zake

Tangu Januari 2009, Marekani ilipoanza kutangaza rasmi makadirio ya thamani ya uzazi yatokanayo na jenomu kwa ng'ombe wa Holstein, mfugaji halazimiki tena kungoja miaka mingi, hadi binti za fahali wazae na kukamwa, ndipo aijue thamani yake. Faida hiyo ni adhimu. Walakini kipimo hicho cha jenomu, ijapokuwa chaushinda kwa mbali wastani wa thamani za wazazi wa fahali, hakijafikia yakini ya fahali aliyeshuhudiwa na binti wengi, na hudhoofika kila kitumiwapo kwa nasaba isiyokuwamo katika hesabu yake. Basi twawanasihi wafugaji: msimtegemee fahali kijana mmoja, bali tumieni mbegu za kadhaa, wala msiache kuandika maziwa daftarini, kwani daftari hilo ndilo msingi wa kipimo chenyewe.